Je, wajua kwa nini Marekani mshtakiwa wa wizi hupewa wakili bure, lakini mpangaji anayefukuzwa hapewi?

Mwaka 1961, katika mji wa Panama City, jimbo la Florida, Clarence Earl Gideon alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool na kuiba vichele na vinywaji. Hakuwa na fedha. Alimwomba jaji ampatie wakili, akajibiwa kwamba sheria ya Florida humpa wakili wa bure yule tu anayekabiliwa na adhabu ya kifo. Akajitetea mwenyewe, akashindwa, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani alichukua penseli na karatasi za gereza, akaiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 walikubaliana naye: mtu asiye na uwezo akishtakiwa kwa kosa zito la jinai, dola lazima impe wakili. Kesi ikarudiwa, safari hii akiwa na mtetezi, na raia walioketi kuiamua walichukua kama saa moja tu kumwona hana hatia.

Ndiyo maana katika filamu za Kimarekani polisi hawachoki kumwambia mtuhumiwa kwamba akishindwa kumudu wakili atapewa mmoja. Ukizitazama sana filamu hizo utadhani kila maskini anayefika mahakamani nchini humo ana wa kumsemea. Sivyo. Mama anayetolewa ndani ya nyumba na watoto wake, mhamiaji anayetakiwa kurudishwa alikotoka, mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara wa miezi mitatu: hawa wote, kwa kanuni ya jumla, wanasimama peke yao. Tofauti yao na Gideon ni ipi?

Tofauti ni jina la kesi. Marekani, kama nchi nyingi, hugawa mashauri kuwa ya jinai na ya madai. Marekebisho ya Sita ya Katiba yao, ambayo ndiyo yaliyomwokoa Gideon, yanazungumzia mashtaka ya jinai peke yake. Kufukuzwa kwenye nyumba ni madai. Kudai ujira ni madai. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu iliulizwa swali hili kwa namna kali kuliko zote: mama maskini wa North Carolina alikuwa amenyang'anywa haki zote za uzazi juu ya mwanawe, bila wakili. Je, hakustahili mmoja? Majaji 5 dhidi ya 4 walisema hapana. Waliweka kanuni kwamba panapokosekana tishio la kifungo, ichukuliwe kuwa mtu hana haki ya kupewa wakili, ila hali ya kesi yake ilazimishe vinginevyo. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kupoteza mtoto asipewe wakili, na mwizi wa vichele akapewa.

Waswahili husema mnyonge hana haki. Huku haki anazo, tena zimeandikwa. Anachokosa ni mtu anayejua ziko ukurasa gani. Chukua mpangaji wa mji mkuu, Washington. Mwaka 1968 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini humo iliamua kesi ya mama aliyekuwa amewalalamikia maofisa wa nyumba. Wakaguzi walikuta kasoro zaidi ya 40 za usafi, na baadaye mwenye nyumba akampa notisi ya kuhama. Mahakama ikasema huwezi kumtoa mpangaji kwa kulipiza kisasi cha kushtakiwa. Miaka miwili baadaye, mahakama hiyohiyo ilisikiliza wapangaji waliogoma kulipa kodi, wakisema wanaweza kuthibitisha kasoro kama 1,500 katika majengo yao. Uamuzi ukawa kwamba kodi na hali ya nyumba haviachani: mwenye nyumba asipoitunza nyumba, hawezi kudai kodi kamili kana kwamba ameitunza. Leo karibu majimbo yote yana kanuni ya namna hiyo.

Sasa ingia kwenye mahakama ya nyumba asubuhi ya kawaida. Orodha ya mashauri ni ndefu na kila moja lina dakika chache. Wakili wa mwenye nyumba anamjua karani, anaijua fomu, na huenda ana mafaili kumi ya siku hiyo. Mpangaji ameomba ruhusa kazini, au hakuipata na hakuja, hivyo inatolewa hukumu ya upande mmoja. Aliyekuja huitwa pembeni, kwenye korido, akaonyeshwa karatasi ya makubaliano: lipa kiasi hiki kufikia tarehe hii, au uhame. Anatia saini akidhani amepata nafuu. Hakuna aliyemwambia kwamba bomba lililovuja mwaka mzima ni utetezi, au kwamba notisi yenyewe ilikosewa siku. Kazi ya wakili wa msaada wa kisheria, mara nyingi, si hotuba za kusisimua mbele ya jaji. Ni kusoma notisi, kuhesabu siku, kupiga hesabu ya kodi upya na kusema kwenye ile korido: "Mteja wangu hatii saini."

Kwa wahamiaji mambo ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumwondosha mgeni nchini si adhabu ya kosa la jinai. Kutokana na msimamo huo, shauri la uhamiaji limebaki kuwa la madai hata pale mhusika anapoletwa mbele ya jaji akitokea kizuizini, wakati mwingine kwa pingu. Sheria yenyewe inampa haki ya kuwa na wakili, kisha inaongeza kijineno kinachoiondolea nguvu: bila gharama kwa serikali. Anayeiendesha kesi upande wa pili ni mwanasheria anayelipwa na serikali hiyohiyo. Kanuni hii haiachi hata watoto. Wamo waliosimama mbele ya jaji wa uhamiaji bila mtetezi. Mimi hapa ndipo ninapoona mstari kati ya jinai na madai umechorwa kwa penseli laini kabisa. Mtu amefungiwa, anaweza kupelekwa nchi anayoikimbia, halafu anaambiwa hili ni jambo la madai.

Pengo hilo hujazwa na asasi zisizolenga faida, na kuna jambo moja kuzihusu ambalo watu wengi hawalijui: si kila anayemtetea mhamiaji ni wakili. Wizara ya Sheria ya Marekani huidhinisha wawakilishi maalumu wasio mawakili, mradi wafanye kazi chini ya asasi inayotambuliwa na wizara hiyo. Kibali hicho kina faida, maana uwanja huu umejaa matapeli. Tapeli maarufu hutumia neno la Kihispania notario. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini, notario ni mwanasheria mwenye hadhi kubwa. Marekani, mtu mwenye cheo kinachofanana na hicho kwa jina ni wa kushuhudia saini tu. Mhamiaji huona kibao dukani, akalipa akiba yake yote, akajaziwa fomu isiyomhusu, na fomu hiyo ndiyo inayomtambulisha kwa maofisa kwamba yupo na hana kibali.

Mfanyakazi naye ana tatizo la hesabu. Mawakili binafsi Marekani hupenda kesi za ajali kwa sababu huchukua sehemu ya fidia. Mteja halipi chochote mwanzoni. Lakini aliyenyimwa dola 900 za ujira, wakili atachukua theluthi ya nini? Sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 ilijaribu kulitatua hili: mwajiri akishindwa hulipa deni, huweza kuamriwa kulipa kiasi kingine sawa na deni hilo, na hubeba pia gharama za wakili wa mfanyakazi. Ni mpango mzuri, ila wakili lazima afanye kazi kwanza na alipwe baadaye, tena iwapo mwajiri hajafunga biashara na kufungua nyingine kwa jina la mkewe. Kwa hiyo kesi ndogondogo hurudi kwenye asasi. Hata asiye na kibali cha kuishi nchini analindwa na sheria hiyo kwa saa alizokwisha kufanya kazi, jambo ambalo waajiri wengi wangependa asilijue.

Ushindi ninaoupenda kuliko wote katika historia hii unahusu jembe. Katika mashamba ya California vibarua, wengi wao wenye asili ya Mexico, walipalilia kwa jembe la mpini mfupi lililowalazimu kuinama kutwa nzima. Wenye mashamba walidai linapalilia kwa uangalifu zaidi. Wasimamizi nao lilikuwa limewarahisishia kazi: aliyesimama wima alionekana toka mbali kwamba anapumzika. Asasi ya California Rural Legal Assistance, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliwaleta madaktari waeleze migongo inavyoharibika. Mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku jimboni humo.

Ushindi wa namna hiyo una maadui, na hapo tunafika kwenye suala la nani analipa. Msaada wa kisheria ulianza kama wema wa jamii kwa watu wake: mwaka 1876, mjini New York, Wajerumani waliokwisha kujikimu walianzisha chama cha kuwatetea wahamiaji wenzao waliokuwa wakidhulumiwa. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa Legal Aid Society. Serikali ya Rais Lyndon Johnson iliingiza fedha za umma mwaka 1965, katika vita vyake dhidi ya umaskini. Mawakili wakaanza kuzishtaki mamlaka zenyewe, na zikakasirika. Gavana wa California, Ronald Reagan, alijaribu mwishoni mwa 1970 kuzizuia fedha za asasi ile ya jembe. Tume ya majaji ikachunguza tuhuma zake na kuziona hazina msingi. Mwaka 1974 Rais Nixon, wiki mbili tu kabla ya kujiuzulu, alitia saini sheria iliyounda shirika la Legal Services Corporation, ili fedha hizo zipitie mahali palipo mbali kidogo na mikono ya wanasiasa.

Hazikuwa mbali vya kutosha. Mwaka 1996 Bunge liliweka masharti: asasi inayopokea fedha hizo isifungue kesi ya pamoja kwa niaba ya kundi la watu, na isiwawakilishe wahamiaji wengi wasio na kibali, isipokuwa wachache kama vile waathirika wa ukatili wa nyumbani na wa biashara haramu ya binadamu. Masharti hayo hufunga hata fedha ambazo asasi imezipata kwingine. Ndiyo maana katika baadhi ya miji utakuta ofisi mbili za msaada wa kisheria, moja inapokea fedha za shirikisho na nyingine imezikataa kwa makusudi, na mtu anayeuliza nje ya mlango wa kwanza huelekezwa wa pili.

Chanzo kingine cha fedha kina ujanja wa kupendeza. Wakili akishika fedha za mteja kwa muda mfupi, riba yake ni senti chache, haifai hata kuipigia hesabu. Florida ilianza mwaka 1981 kuzikusanya riba hizo kutoka akaunti za mawakili wengi na kuzipeleka kwenye msaada wa kisheria. Majimbo mengine yakafuata. Kasoro yake ni kwamba riba ikishuka nchini, kama ilivyoporomoka baada ya mwaka 2008, mfuko hukauka wakati uleule watu wanapopoteza kazi na nyumba.

Kwa ujumla fedha hazitoshi. Utafiti wa Legal Services Corporation wa mwaka 2022 ulikuta kwamba matatizo makubwa ya kisheria ya watu wa kipato cha chini yasiyo ya jinai, asilimia 92 hayapati msaada wowote au hayapati unaotosha. Hivyo asasi huchagua: anayetolewa kesho kabla ya anayetolewa mwezi ujao. Anayekataliwa si lazima kesi yake iwe mbovu. Huenda tu kipato chake kimezidi kidogo kikomo kilichowekwa, au mwenye nyumba wake aliwahi kuwa mteja wa ofisi hiyohiyo.

Kwa kuwa Mahakama ya Juu haijabadili mawazo, miji na majimbo yameanza kutunga haki hiyo yenyewe. New York ilikuwa mji wa kwanza, mwaka 2017, kuahidi wakili kwa wapangaji wa kipato cha chini wanaofukuzwa. San Francisco ikafuata kwa kura ya wananchi mwaka 2018, na jimbo la Washington likawa jimbo la kwanza mwaka 2021. Takwimu za mji wa New York zilionyesha kwamba kati ya wapangaji waliowakilishwa chini ya mpango huo, asilimia 84 walibaki nyumbani kwao. Kisha, mwaka 2022, zuio la kufukuza watu lililowekwa wakati wa korona likaondolewa, kesi zikafurika, na asasi zikawaambia majaji kwamba mawakili wamekwisha. Wapangaji wenye haki kamili ya wakili wakajikuta tena kwenye ile korido, wakiwa na karatasi ya makubaliano mkononi.