Waliovunja mashine hawakuwa wajinga: dhana potofu kuhusu mapinduzi ya viwanda

Wengi wetu tulifundishwa mapinduzi ya viwanda ya Uingereza kwa haraka: mashine zikavumbuliwa, wakaidi wakazipinga, werevu wakatajirika, hatimaye kila mtu akanufaika. Mtihani ulipita, lakini hadithi ile ina matundu.

Dhana: Waludaiti, yaani mafundi wa Uingereza walioasi kwa kuvunja mashine, walifanya hivyo kwa sababu waliogopa kitu kigeni.

Mashine zilizovunjwa Nottinghamshire mwaka 1811 hazikuwa ngeni hata kidogo. Zilikuwa za kufumia soksi, za aina aliyoibuni William Lee mwaka 1589. Waliozivunja ndio waliozitumia kila siku, kama baba zao na babu zao. Wengi wao walizikodi, na kodi ilikatwa kwenye ujira hata kazi ilipokuwa haba.

Hasira yao ilikuwa juu ya matajiri walioajiri watu wasiopitia uanagenzi, wakatoa soksi za vipande vilivyokatwa na kushonwa, zinazochanika upesi, kisha kwa bei ya soksi hizo hafifu wakashusha ujira wa mafundi wote. Ndiyo maana walichagua: mashine za mwajiri aliyelipa vizuri ziliachwa, za jirani yake zikapondwa kwa nyundo. Yorkshire na Lancashire, ndiyo, palikuwa na mashine zilizochukua nafasi ya watu moja kwa moja. Lakini hata huko, mtu angedai haki kwa njia gani? Sheria za 1799 na 1800 zilikuwa zimepiga marufuku vyama vya wafanyakazi.

Bunge lilijibu mwaka 1812 kwa kufanya kuvunja mashine kosa la kunyongwa. Mshairi Lord Byron alisimama kuwatetea mafundi katika Baraza la Malord, lakini sheria ikapita. Januari 1813 watu 17 walinyongwa mjini York, watatu kati yao kwa kumuua mwenye kiwanda.

Dhana: Mashine iliwanyang'anya wafumaji kazi papo hapo.

Kwanza iliwaneemesha. Kusokota ndiko kulikotangulia kupata mashine. Nyuzi zikafurika, wafumaji wa mkono wakawa wanagombewa. Vijana wakakimbilia kazi hiyo kama wanavyokimbilia bodaboda leo. Kisha zikaja mashine za kufuma kwa mvuke: mwaka 1813 zilikadiriwa kuwa 2,400 hivi Uingereza nzima, mwaka 1833 zilikaribia 100,000. Mfumaji hakufukuzwa na mtu. Bei ya jora ilishuka, akaongeza saa za kufuma. Ikashuka tena, akawaketisha na watoto kazini. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu chungu zaidi, maana mtu huyo alikuwa na kazi tele, tena nyumbani kwake, na bado alilala njaa.

Dhana: Utajiri uliwaendea wavumbuzi.

Samuel Crompton alibuni mashine bora ya kusokota mwaka 1779. Wenye viwanda walimwahidi mchango ili aionyeshe, wakaishia kumpa kama pauni 60. Bunge lilimtuza pauni 5,000 mwaka 1812, naye akafa maskini mwaka 1827. Richard Arkwright, kinyozi wa zamani, alifutiwa hataza yake, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1785 lakini akafa tajiri mkubwa. Yeye alikuwa na viwanda.

Dhana: Fedha mpya iliwang'oa makabaila mara moja.

Manchester, mji wa pamba, haikuwa na mbunge wake hadi mageuzi ya uchaguzi ya 1832. Wafanyakazi walioandamana kudai mageuzi hayo hawakupewa kura. Wa mijini walianza kuipata mwaka 1867.

Dhana: Yote haya yalikuwa mambo ya Wazungu kwao.

Mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney, ya mwaka 1793, ilirahisisha kutenga mbegu. Kazi ya mkono ikapungua hapo, ikazidi shambani: watumwa wa Marekani walikuwa takriban 700,000 mwaka 1790, wakakaribia milioni 4 mwaka 1860. Sehemu ya pamba yao ilifumwa Massachusetts, ikapakiwa merikebu za Salem, ikashushwa Unguja, hasa baada ya mkataba wa Seyyid Said na Wamarekani wa 1833. Majora hayo yalipanda na misafara hadi bara, yakawa kama sarafu. Wafumaji wa Mogadishu, ambao nguo zao msafiri Ibn Battuta alizisifu alipofika huko mwaka 1331, wakajikuta wakishindana na viwanda ambavyo hawajapata kuviona.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakausha pamba, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikachukua soko. Nguo ikatoka kwingine, ila huku pwani tukaendelea kuiita amerikani.