Kiropraksi: "kiro" ni mkono, si kisu

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Katuba akilia. Bwana wake ni shofa wa lori, anabeba mizigo kati ya Kolwezi na mpaka wa Kasumbalesa, na kwa mwezi mzima maumivu yamekuwa yakimshuka kutoka kiunoni mpaka kisigino cha kuume. Daktari alimpima, akamwandikia karatasi. Jirani akaisoma, akawaeleza: "Bamemutuma kwa kiro. Njo kusema batamupasula mugongo." Shemeji akakataa kwenda. Mama mkwe akaanza kuuliza bei ya mbuzi zake.

Hapa Lubumbashi neno hili nimelisikia likibandikwa kwa kila mtu: daktari wa upasuaji, mama anayekanda watu kwa maji ya moto, hata kijana wa mazoezi anayekukumbatia kwa nyuma na kukunyanyua mpaka mgongo ulie. Safari hii limewanyima watu usingizi, kwa hiyo naliandikia.

Kiropraksi ni tiba ya maumivu ya viungo, hasa uti wa mgongo, ambapo mtibabu anasukuma pingili kwa mikono, msukumo mfupi na wa haraka, bila kisu na bila dawa. Mtibabu huyo, kiropraktere, ameisomea kazi hiyo miaka kadhaa. Maana yenyewe ni hiyo tu. Linalowachanganya watu ni jina.

"Kiro" imetoka kwa Wagiriki wa zamani, waliouita mkono *kheir*. "Praksi" ni kutenda. Kwa hiyo kiropraksi ni kutenda kwa mkono. Neno lenyewe halina mgongo wala mfupa ndani yake. Na jirani wa dada yangu hakukosea bila sababu, kwa maana *kheir* hiyohiyo imo ndani ya shirurji, yaani upasuaji: *kheir* na *ergon*, mkono na kazi. Zamani tabibu aliyepasua alitofautishwa hivyo na yule aliyetibu kwa dawa za kunywa. Hata wale wanaosoma bahati kwenye viganja, Wafaransa wamewapa jina linaloanza na mkono huohuo. Maneno matatu yamezaliwa tumbo moja, lakini kila moja limekwenda kuishi kwake. Kusikia "kiro" ukaogopa kisu ni kama kusikia jina la ukoo ukadhani umeshamjua mtu.

Jina hili ni changa kuliko Kigiriki chake. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, Marekani, Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa sumaku, alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mfanya usafi ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa. Palmer alisema masikio yalifunguka. Mgonjwa wake mwingine, mchungaji Samuel Weed, aliyejua Kigiriki, ndiye aliyempatia jina. Palmer aliendelea kufundisha kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama mahali pake. Hilo halijathibitishwa. Kilichobaki kikisimama ni kidogo zaidi, na kina faida: kwa maumivu ya kiuno, msukumo wa mikono unawasaidia baadhi ya watu, takriban sawa na mazoezi na tiba nyingine zinazokubalika.

Hapo ndipo linapotoka neno linaloniudhi kuliko yote: "mfupa umetoka", halafu "mfupa umerudi". Mtu anasikia *ka!* mgongoni, anainuka akishukuru kwamba mfupa umeingia mahali pake. Mlio ule ni wa hewa. Kati ya viungo kuna ute unaolainisha. Ukivuta kiungo ghafla, mgandamizo wa ndani unashuka na povu la gesi linatokea ndani ya ute. Ndiyo maana ukivunja vidole vyako vikalia huwezi kuvirudia papo hapo, lazima usubiri kidogo. Pingili iliyotoka mahali pake kwa ajali ni jambo la hospitali, si la kwenda kwa mtu akuvunje-vunje. Kwetu kuna hatari nyingine tunayoisahau: kifua kikuu kinaweza kula pingili za mgongo. Mgongo wa namna hiyo ukisukumwa unaweza kubonyea na kuziba njia ya neva. Mwenye homa ya jioni, anayekonda, mguu uliopoteza nguvu, au ganzi sehemu za siri na mkojo unaotoka wenyewe, huyo aende hospitali moja kwa moja, asiguswe na mkono wa mtu mwingine.

Nikamwomba dada apige picha ya karatasi anitumie. Imeandikwa *kine*.

Kine, au kinezi kama wengine wanavyosema, inatoka kwa *kinesis*, na hiyo ni mwendo. Tiba kwa mwendo. Mikono inaweza kutumika, ndiyo, lakini kazi kubwa ni yako: unafundishwa kunyoosha, kukaza, kutembea. Na kwa mtu anayekaa kitini kutwa, naona daktari alichagua vizuri. Mito laini, kama ya kulalia, iliyo kati ya pingili haina mishipa ya damu yake kwa mtu mzima. Inakula kama sifongo, inabanwa, inaachiwa, na maji yenye chakula yanaingia. Ukikaa saa sita bila kujigeuza, sifongo imebanwa tu. Misuli ya mbele ya nyonga inajizoeza kuwa mifupi, ya makalio inalala, damu inatuama miguuni. Shofa kwenye foleni ya Kasumbalesa, kambiste anayebadilisha pesa kwenye kiti chake cha plastiki, fundi cherehani, karani wa biro: wote ugonjwa wao ni kukosa mwendo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwaambia watu wazima wapunguze muda wa kukaa na wafikishe angalau dakika 150 za mwendo wa nguvu ya kiasi kwa wiki.

Nilimwuliza shemeji pochi anaiweka wapi. Mfuko wa nyuma, kuume. Ina permi ya kuendesha, karatasi za gari, franga za njiani, nene kama mkate, na yeye anaikalia kutoka Kolwezi. Neva kubwa ya mguu inapita chini ya makalio hayohayo. Pia alikuwa amenunua mkanda wa kufunga kiuno. Shirika hilohilo, katika mwongozo wake wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halishauri mkanda kama tiba.

Kwa hiyo dada, mwambie mama aache mbuzi zake. Na jirani umweleze polepole, maana alitaka kusaidia: "kiro" ni mkono, "kine" ni mwendo, na karatasi yenu ni ya mwendo. Shemeji atoe pochi mfukoni, kila foleni inaposimama ashuke azunguke lori, na Jumatatu aende.