Mfunguzi si mfungaji

Jumamosi nilikuwa kwenye kibanda cha chai Ngara. Simu ya mwenye kibanda imeegemezwa kwenye kopo la sukari ikionyesha kriketi, India wanapiga. Mpigaji wao Yashasvi Jaiswal akaondolewa mapema, na kijana aliyeketi kando yangu akaweka kikombe chini kwa huzuni: "Mfungaji wao ameenda. Wamekwisha hawa." Nilimeza chai yangu nikanyamaza. Ila ni mara ya tatu mwezi huu nalisikia neno mfungaji likitumiwa hivyo, mahali pa mfunguzi, na mara moja ilikuwa redioni, kwa mtangazaji ambaye maneno ndiyo kazi yake.

Mfunguzi, au opena kama wengi wetu tunavyomwita hapa Nairobi, ni mmoja wa wapigaji wawili wanaoingia uwanjani mwanzo kabisa wa zamu ya timu yao ya kupiga, mpira ukiwa mpya. Basi. Ni wawili, si mmoja: yule anayesimama upande wa pili akimtazama mwenzake akiukabili mpira wa kwanza naye ni mfunguzi kamili.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana hapo ndipo tunapopotezana. Kufunga na kufungua ni ndugu wa tumbo moja, lakini wamepeana mgongo. Kiambishi kile cha -u- huvunja kilichofanywa: unaziba kisha unazibua, unakunja kisha unakunjua, unatega kisha unategua. Kwa hiyo anayefunga na anayefungua wanafanya kazi mbili zinazopingana, na kumpa mmoja jina la mwenzake ni sawa na kumwita aliyekunjua mkeka kwamba ameukunja.

Mfungaji ni mtu wa kandanda. Gor Mahia wamefunga, AFC Leopards wamefungwa, na aliyeutia mpira wavuni ni mfungaji. Kwenye kriketi hakuna wavu wa namna hiyo wala bao la namna hiyo. Mikimbio, ndizo alama za kriketi, huokotwa mmoja mmoja, minne, sita, na kila anayeshika gongo huichangia, hata yule wa kumi na moja. Ukisema "mfungaji wao" kwenye kriketi hujamtaja mtu yeyote.

Mfunguzi ametoka kwenye fungua kama mnunuzi alivyotoka kwenye nunua na mchaguzi kwenye chagua. Na lugha yetu imelitumia fungua kwa mambo ya mwanzo tangu zamani. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba. Chai ya asubuhi ni kifungua kinywa. Kwenye kalenda ya Waswahili, Ramadhani ikiisha unaingia mwezi wa Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo zije Rajabu na Shaabani. Hatukuwa na haja ya kuazima neno la mtu anayeanzisha jambo wengine walifuate. Tulikuwa nalo ndani, na linamkaa mpigaji huyu barabara, kwa sababu naye ni kifungua mimba wa timu: anatangulia, anapokea makali, wadogo zake wanakuta njia imelainika.

Makali yenyewe ni ya mpira. Ukiushika mpira mpya wa kriketi, ngozi yake nyekundu inateleza kwa mng'aro, na ule mshono wa katikati umesimama kiasi cha kukwaruza ncha ya kidole. Uzito wake ni gramu 160 hivi, mgumu kama kokwa. Mng'aro unaufanya upinde hewani. Mshono ukigusa ardhi, mpira unaweza kukata kushoto au kulia bila taarifa. Warushaji nao bado wana pumzi. Ova, yaani mafungu ya mipira sita sita, zikipita ngozi inachakaa, mshono unalala, na mpigaji wa tano au wa sita anakutana na kitu kingine kabisa. Katika mechi za siku tano, mpira mwingine mpya unaruhusiwa baada ya ova 80, na hata anayekuwa anapiga wakati huo, akiukabili vizuri namna gani, haitwi mfunguzi. Ufunguzi ni nafasi katika mpangilio.

Kosa la pili linanikera zaidi, maana linaihusu nyumba yetu. Tarehe 4 Oktoba 1996, pale Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi wa Pakistan aliwapiga Sri Lanka mikimbio mia kwa mipira 37, rekodi ya mechi za siku moja iliyokaa hadi Januari 2014. Nimekutana na wazee wengi wa Parklands wanaosimulia jinsi "yule opena" alivyovurumisha mipira. Hakufungua siku ile. Waliofungua ni Saeed Anwar na Saleem Elahi. Afridi aliingia wa tatu, wiketi moja ikiwa imeshaanguka, yaani mpigaji mmoja ameshaondolewa. Watu wameona kasi wakadhani kasi ndiyo ufunguzi. Ukitaka wafunguzi wa uwanja ule ule, subiri mwaka mmoja: Oktoba 1997, Dipak Chudasama na Kennedy Otieno, wetu hawa, waliwakabili Bangladesh na hawakutenganishwa hadi mikimbio 225. Chudasama alimaliza na 122, Otieno 144. Nasikitika kwamba majina yao hayatajwi vibandani.

Nirudi kwa Jaiswal, maana kijana wa Ngara alimhukumu kwa siku moja. Alizaliwa Desemba 2001 huko Uttar Pradesh, akaenda Mumbai akiwa mtoto kutafuta kriketi, akalala kwenye hema la watunza uwanja pale Azad Maidan. Julai 2023, katika mechi yake ya kwanza ya siku tano, alipiga 171 kule Dominica. Mapema 2024 aliwapiga Uingereza 209, kisha 214 bila kuondolewa, na mfululizo ule wa mechi ukaisha akiwa na mikimbio 712. Novemba mwaka huo huo, Perth kule Australia, aliondolewa kwa sifuri. Zamu ya pili akapiga 161, yeye na mfunguzi mwenzake KL Rahul wakifikisha 201 kabla wiketi ya kwanza kuanguka. Wiki mbili baadaye, Adelaide, mrushaji wa Australia Mitchell Starc alimwondoa kwa mpira wa kwanza kabisa wa mechi. Mpira mmoja, akageuka kurudi kuvua pedi. Maisha ya mfunguzi kijana yamekaa hivyo, na sifuri ya mpira mpya haina uzito sawa na sifuri ya mpira uliochakaa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa pale Ngara, Jaiswal akitoka tena mapema, sema mfunguzi wao ameondolewa. Na akidumu ova kumi na tano akiwa na mikimbio ishirini tu, mpira umeanza kupoteza rangi na mrushaji wa kasi amepelekwa kupumzika pembeni, sema amefungua vizuri.