Oktoba 12 ikifika tusianze tena: mbio ya Kipchoge ya Vienna haikuwa rekodi ya dunia

Mimi redioni nafanya kile kipande cha leo katika michezo, nani kazaliwa, nani kavunja rekodi tarehe kama ya leo, na kila Oktoba 12 simu inajaa meseji za aina moja: mbona hujasema leo ndo siku Eliud Kipchoge, yule mkimbiaji wa Kenya, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni? Sijasema kwa sababu hakuivunja jamani.

Jumamosi ile ya 2019 pale bustani ya Prater, Vienna, Austria, alimaliza kilomita 42.195 kwa 1:59:40, mtu wa kwanza kushuka chini ya saa mbili, hapo habishi mtu. Ila angalieni alivyokimbia. Mbele yake watu watano wa kumvutia kasi wamejipanga kwa umbo la V, nyuma wawili, wakichoka wanatoka wanaingia wengine wenye miguu mipya, jumla yao 41, halafu kuna gari linapiga leza ya kijani barabarani kuonyesha pa kukimbilia, na vinywaji analetewa na mtu wa baiskeli. Mpinzani hata mmoja hakuna. Sheria za riadha zinataka shindano la wazi, na hao wa kuvuta kasi waanze na wenzao mstarini, sio kudandia katikati kama konda wa daladala.

Nikisema hivyo naambiwa namchukia. Namchukia vipi na rekodi zake halali nazitaja kila mwaka, Berlin Septemba 16, 2018, 2:01:39, na Berlin tena Septemba 25, 2022, 2:01:09? Hebu fikirieni, kama ya Vienna ingehesabika hiyo 2:01:09 ingekuwa rekodi ya nini? Na Kelvin Kiptum aliyeivunja pale Chicago Oktoba 8, 2023, 2:00:35, tulimshangilia kwa lipi? Mkitaka siku ya kumsifu bila ugomvi ipo Novemba 5, alizaliwa siku hiyo 1984.

Mengine haraka haraka. Pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman Kinshasa ni Oktoba 30, 1974, walipigana alfajiri, Marekani bado usiku wa tarehe 29 ndo maana mnabishana, mimi nafuata saa ya mahali pambano lilipopigwa basi. Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania, hana dhahabu ya Olimpiki, ile mnayoisema ni ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, Februari 2, 1974, mita 1500 kwa 3:32.2, na hiyo kweli ilikuwa rekodi ya dunia. Montreal 1976 Tanzania iligoma, Moscow 1980 akachukua fedha kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji.

Na hii ya kwamba mwanariadha akiandikwa kazaliwa Januari 1 basi kadanganya umri, acheni. Wengi hawakuwa na cheti, mzazi anakumbuka mwaka tu, karani akajaza Januari 1 akaita anayefuata. Birthday za siku hiyo mimi sizisomi hewani, na msinitumie.