Gari la kesho linaamuliwa kiwandani: dhana potofu kuhusu umeme, haidrojeni, gesi na gharama

Mabishano mengi kuhusu gari la kesho huanzia kwenye tangi na kuishia humo humo: petroli itakwisha lini, umeme utashika lini, haidrojeni imefikia wapi. Mtengenezaji wa magari huanzia kwingine. Hujiuliza mtambo wa kuunda modeli fulani utakula fedha kiasi gani, na magari mangapi yatoke kila mwaka ili fedha hiyo irudi. Nishati isiyo na jibu kwa swali hilo haiingii barabarani kwa wingi, hata iwe safi namna gani.

"Gari la umeme ni jambo geni, bado linajaribiwa"

Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka kasi ya kilomita 100 kwa saa, wa kwanza kufanya hivyo kwa gari, na gari lake lilikuwa la umeme. Magari ya umeme ya enzi ile hayakuangushwa na mota. Yaliangushwa na betri ya risasi, ambayo kilo yake moja ilibeba chini ya wati-saa 40 za nishati, wakati kilo ya petroli ina zaidi ya 12,000. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilileta stata ya umeme kwenye gari la petroli na kumwondolea dereva adha ya kuzungusha hendeli. Mwaka uliofuata Henry Ford aliweka laini inayotembea, na muda wa kuunganisha gari lake la petroli, Model T, ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Bei yake, dola 850 mwaka 1908, ilifika dola 260 mwaka 1925. Hapo ushindani uliisha.

Betri ya lithiamu ya leo, pamoja na kasha lake, hubeba takriban wati-saa 130 hadi 180 kwa kilo. Bado ni ndogo mbele ya petroli, lakini injini ya petroli kwenye foleni za mjini hupoteza karibu robo tatu ya nishati yake kama joto, ilhali mota hugeuza zaidi ya asilimia 90 kuwa mwendo.

"Kiwanda cha magari kikipata hasara, kinachokiumiza ni mishahara"

Mishahara ya laini ya mwisho ni sehemu ndogo ya gharama ya gari. Sehemu kubwa kabisa ni vipuri na malighafi zinazonunuliwa kwa wengine. Kinachoua kiwanda ni gharama isiyopungua hata uzalishaji ukipungua. Kalibu za chuma za kukandamizia mlango hufaa mlango wa modeli hiyo tu. Tanuri la kukaushia rangi ya kwanza ya kuzuia kutu hushikilia joto la karibu nyuzi 180 za Selsiasi, zipite bodi 200 au 1,000 kwa siku.

Chukua mfano wa kiwanda chenye uwezo wa magari 200,000 kwa mwaka na gharama zisizobadilika za dola milioni 600. Kikijaa, kila gari hubeba dola 3,000 za gharama hizo. Kikitoa nusu, kila gari hubeba dola 6,000, na faida yote imekwenda. Ndiyo maana kampuni hasimu hukubali kutumia jukwaa moja la chini, yaani muundo wa msingi unaobeba gari, kwa modeli tofauti, na ndiyo maana riba ya mikopo ikipanda na wanunuzi wakaahirisha, viwanda hufungwa ingawa magari yake ni mazuri.

Uhaba wa 2021 wa chipu, vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoongoza mifumo ya gari, ulionyesha jambo hilo hilo: mtambo hujengwa pale tu fedha yake inapotarajiwa kurudi. Mwaka 2020 watengenezaji wa magari walifuta oda, na viwanda vya chipu vikawapa nafasi hiyo watengenezaji wa kompyuta na vifaa vya burudani. Wanunuzi wa magari waliporudi sokoni, foleni ilikuwa imejaa, na chipu nyingi za gari ni za teknolojia ya zamani ambayo wawekezaji wachache wanataka kuijengea mtambo mpya. Toyota ilistahimili kwa muda mrefu zaidi kwa sababu, baada ya tetemeko la Japani la 2011, iliwataka wasambazaji wake waweke akiba ya chipu. Mwishowe nayo ilipunguza uzalishaji.

"Anayejua kuunda injini atajua kuunda betri"

Hii ni dhana iliyogharimu fedha nyingi. Kiwanda cha injini ni kazi ya kuyeyusha, kuchonga na kupima chuma. Kipande kikikosewa, kipimo hukikamata papo hapo. Kiwanda cha seli, vipande vinavyounganishwa kuwa betri, ni kemia inayofanywa kwa kasi kubwa, na kosa la leo huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, au gari likiwa tayari kwa mteja.

Kazi huanza kwa kuchanganya unga wa kemikali, gundi na kiyeyushi hadi upatikane uji mzito. Uji huo hupakwa juu ya karatasi ya alumini kwa upande chanya na karatasi ya shaba kwa upande hasi. Shaba hiyo ina unene wa mikroni 10 au chini yake, nyembamba kuliko unywele mara kadhaa. Karatasi hupita kwenye tanuri refu la makumi ya mita ili kiyeyushi kikauke, kisha hukandamizwa na roli, hukatwa vipande, hupangwa au kuviringishwa pamoja na kitenganishi cha plastiki kinachozuia pande mbili zisigusane, huchomelewa ncha zake na kutiwa elektrolaiti, kimiminika kinachopitisha chaji.

Unyevu ni adui katika hatua hizo za mwisho. Chumvi ya lithiamu iliyo kwenye elektrolaiti ikikutana na maji hutoa asidi ya floridi, ambayo hula seli kutoka ndani. Kwa hiyo kazi hufanyika katika chumba chenye hewa iliyokaushwa hadi kiwango cha umande cha nyuzi 40 chini ya sifuri, yaani ni kavu kiasi kwamba umande hautokei mpaka ipoe hadi hapo, na mashine za kukausha hewa hiyo hula umeme mwingi usiku na mchana. Baada ya hapo seli huchajiwa polepole kwa mara ya kwanza ili utando wa kinga ujengeke juu ya grafaiti, kaboni ya upande hasi, kisha huachwa zikae siku kadhaa hadi wiki chache. Seli inayopoteza volti ikiwa imelala ina njia ya siri ya umeme ndani yake, na hutupwa.

Blade ya kukatia ikiisha makali, huacha vijinywele vya chuma pembeni mwa karatasi. Kijinywele kimoja hutoboa kitenganishi, na hapo ndipo moto unapoanzia. Mwaka 2021 General Motors iliyaita yarudi kurekebishwa magari yake yote ya umeme ya Chevrolet Bolt yaliyokuwa yameuzwa. Kasoro zilizotajwa zilikuwa ncha ya upande hasi iliyochanika na kitenganishi kilichokunjika, zikikutana ndani ya seli moja. Kampuni ya betri ya Northvolt ya Sweden, iliyokuwa na oda za mabilioni ya dola, ilishindwa kufikisha uzalishaji mahali pake na ikatangaza kufilisika Machi 2025. Fedha na oda zilikuwepo mwanzoni. Kilichokosekana ni seli nzuri za kutosha, kila siku, kwa gharama inayobebeka.

"Betri zitabaki ghali kwa sababu ya kobalti"

Kwa hesabu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, wastani wa bei ya betri ulikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2010. Mwaka 2024 ulikuwa dola 115. Sehemu ya anguko hilo imetokana na betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti, LFP, ambazo hazina kobalti wala nikeli, madini ya bei yaliyomo kwenye betri nyingine nyingi. Kwa Kongo, inayochimba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, hili ni jambo la kufikiriwa mapema, kabla mapato ya migodi hayajayumba.

LFP ina masharti yake. Ni nzito zaidi kwa nishati ile ile, na hupokea chaji taratibu kwenye baridi. Volti yake hubaki karibu pale pale kutoka chaji nyingi hadi chache, hivyo kompyuta ya gari hupata shida kukisia kilichobaki. Hiyo ndiyo sababu ya watengenezaji kadhaa kumtaka mwenye gari achaji hadi asilimia 100 mara moja kwa wiki. Ushauri wa kuishia 80 ni wa betri za nikeli, na wengi huuchanganya.

"Gari la umeme huchafua kuliko la petroli ukihesabu betri"

Hesabu yenyewe ni hii. Kutengeneza betri ya kilowati-saa 60, kwa kadirio la kilo 80 za kaboni dioksidi kwa kila kilowati-saa, hutoa tani 4.8. Gari la petroli linalotumia lita 7 kwa kilomita 100 hutoa takriban kilo 20 kwa umbali huo, ukijumlisha uchimbaji na usafishaji wa mafuta. Gari la umeme linalotumia kilowati-saa 18, kwenye gridi (mtandao wa umeme wa nchi) inayotoa gramu 400 za kaboni dioksidi kwa kilowati-saa, hutoa kilo 7.2. Tofauti ni karibu kilo 13, kwa hiyo deni la betri hulipika kabla ya kilomita 40,000.

Weka gridi ya makaa ya mawe matupu, ya gramu 1,000, na tofauti hushuka hadi kilo 2. Deni hilo linahitaji kilomita 240,000. Wanaosema gari la umeme ni safi kila mahali nao wanakosea.

"Haidrojeni itazishinda betri, kwa sababu hujazwa kwa dakika tano"

Kujaza haraka ni kweli. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa kupasua maji huhitaji kilowati-saa 50 hadi 55, na kuishindilia na kuipoza ili iingie kwenye mtungi wa bari 700, karibu mara 700 ya presha ya hewa ya kawaida, huongeza kadhaa. Kilo hiyo hulipeleka gari dogo takriban kilomita 100. Gari la betri hufika huko kwa chini ya kilowati-saa 20 kutoka ukutani. Karibu mara tatu ya umeme kwa safari ile ile: pengo hilo halifutwi na ruzuku. Haidrojeni ina kazi ya maana zaidi kwenye mbolea na katika kuyeyusha madini ya chuma bila makaa ya mawe, na chuma hicho ndicho bodi ya gari.

"Gesi au ethanoli ni kubadili mafuta tu, gari ni lile lile"

Magari mengi ya kisasa ya petroli huvumilia ethanoli, pombe ya mimea, ya asilimia 10 ndani ya petroli. Ikizidi sana, injekta, vinyunyizio vya mafuta, hazimudu: ethanoli inahitaji kama mara moja na nusu ya ujazo wa petroli kwa hewa ile ile. Injini hukosa mafuta, hupata joto na kukohoa. Mipira ambayo haikuundwa kwa ethanoli huvimba, na alumini huliwa. Brazili imeuza tangu 2003 magari yanayomudu mchanganyiko wowote, lakini pampu, mabomba na programu zake zilipangwa hivyo kiwandani.

Gesi asilia iliyoshindiliwa, CNG, huhitaji mtungi wa bari 200. Wa lita 60 hubeba takriban kilo 10, sawa na lita 14 au 15 za petroli. Gesi ikishushwa presha hupoa kwa ghafla, hivyo kipunguza presha hupitishiwa maji ya moto ya injini. Maji yakipungua au hewa ikinasa humo, kipunguzaji huganda na gari huzima. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, huungua polepole kuliko petroli, kwa hiyo cheche hutangulizwa, na mwanya wa plagi hupunguzwa kwa sababu gesi inadai volti kubwa zaidi. Viti vya vali visivyo vya chuma kigumu huchimbika, na dalili ya kwanza ni nafasi ya vali kupungua hadi silinda ipoteze mgandamizo, hasa injini ikiwa ya moto. Mtungi nao hufungwa kwa mikanda yenye mpira chini yake, kwa kuwa chuma kikisuguana na chuma rangi hutoka, kutu huanza, na mtungi hukataliwa kwenye jaribio la presha hata kama tarehe yake haijafika.