Vibebeo vya jeni visivyo vya virusi: maana yake na namna vinavyoboreshwa

Kibebeo cha jeni kisicho cha virusi ni chembe ndogo mno, inayotengenezwa maabara kwa mafuta au polima, ambayo kazi yake ni kuifikisha jeni ya tiba ndani ya seli za mgonjwa. DNA, yaani molekuli inayounda jeni, ikidungwa peke yake huharibiwa na vimeng'enya vya damu. Isitoshe, ina chaji hasi sawa na uso wa seli, kwa hiyo hukataliwa mlangoni. Mwaka 1987 Philip Felgner na wenzake, huko California, walionyesha kwamba lipidi (aina ya mafuta) yenye chaji chanya huishika DNA na kuiingiza ndani ya seli.

Virusi vilivyopunguzwa makali bado vinaifanya kazi hiyo kwa ustadi zaidi, lakini kinga ya mwili huvitambua, na kifo cha kijana Jesse Gelsinger mwaka 1999, katika jaribio lililotumia adenovirusi nchini Marekani, kilionyesha hatari iliyopo.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, hauko kwenye kuingia bali kwenye kutoka. Seli huimeza chembe ndani ya kifuko kiitwacho endosomu, ambacho asidi yake huongezeka kadiri kinavyosafiri, hadi vilivyomo vipelekwe kusagwa. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba asilimia 1 hadi 2 tu ya RNA fupi (vipande vya molekuli iliyo jamaa ya DNA) zilizobebwa na chembe za lipidi ndizo zilizoponyoka. Ndiyo sababu wakemia walihangaika kutafuta lipidi isiyo na chaji katika damu, ambako pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapoongezeka) ni 7.4, ili isidhuru seli, lakini inayopata chaji chanya pindi pH inaposhuka chini ya takriban 6.5, ikang'ang'ania utando wa endosomu na kuuvuruga hadi mzigo umwagike nje. Lipidi ya namna hiyo, pamoja na kolesteroli, fosfolipidi na lipidi yenye mkia wa PEG (polima iitwayo polyethylene glycol), ndiyo iliyobeba patisiran, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 (ambayo, kusema kweli, huinyamazisha jeni badala ya kuileta), na baadaye chanjo za mRNA za UVIKO-19.

Tatizo linalofuata ni anwani. Katika damu, chembe hizi hujivika protini iitwayo apolipoproteini E, na ini huzinyakua kwa wingi. Mwaka 2020 watafiti wa Dallas, Marekani, waliongeza lipidi ya tano: ikiwa na chaji chanya ya kudumu, mzigo ulielekea mapafuni mwa panya, ikiwa na chaji hasi, ulielekea kwenye wengu. Kwa binadamu, ini bado ndilo linalofikika kwa urahisi zaidi, na mtoto mchanga aliyetibiwa Philadelphia mwaka 2025 kwa kihariri jeni (zana ya kurekebisha jeni yenye kasoro) kilichotengenezwa kwa ajili yake pekee na kubebwa na chembe za lipidi alikuwa na ugonjwa unaotokana na kasoro ya kimeng'enya cha ini. Alipewa dozi zaidi ya moja, jambo ambalo ni gumu kwa vibebeo vya virusi, kwa kuwa dozi ya kwanza huuachia mwili kingamwili za kuizuia ya pili.