Tatizo si sikio: dhana potofu kuhusu kupima usikilizaji na usomaji wa Kiingereza sekondari za China

"Mwalimu, mwanangu anasoma vizuri, ila hasikii." Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo na mama mmoja wa Hangzhou. Kabla yake wameniambia wazazi wengi, hata najua sentensi inayofuata: "Kwa hiyo tumemwekea saa moja ya kusikiliza kila usiku." Kazi yangu ni kuwapima na kuwaandaa wanafunzi wa sekondari wa Kichina kwa ajili ya zhongkao, mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Walimu wenzangu kutoka Tanzania na Kenya wanaofundisha huku, au wanaofundisha kwa mtandao wakiwa nyumbani, huniletea maneno hayohayo. Wengine ndio wanaowapa wazazi ushauri huo. Mtoto anakosa usingizi kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima, na hilo linaniuma.

Dhana: Akipata alama ndogo za kusikiliza, sikio lake ni zito. Aongezewe saa za kusikiliza.

Tuangalie karatasi yenyewe kwanza. Katika karatasi ya kitaifa ya gaokao, Kiingereza kina alama 150 na dakika 120. Kusikiliza kuna maswali 20 ya alama 1.5 kila moja, jumla alama 30. Sehemu ya kwanza ina mazungumzo mafupi 5, kila moja na swali lake, nayo husikika mara moja tu. Baada ya kila moja mtahiniwa ana sekunde 10 za kujibu na kusoma swali linalofuata. Sehemu ya pili ina mazungumzo au maelezo 5 marefu zaidi, yenye maswali 15, na hapo rekodi husikika mara mbili. Kabla ya rekodi kuanza, mtahiniwa hupewa sekunde 5 kwa kila swali ili asome. Ikiisha, hupewa sekunde 5 nyingine kwa kila swali ili ajibu. Baadhi ya mikoa na miji ina utaratibu wake. Beijing, kwa mfano, tangu 2021 kusikiliza na kuzungumza hufanywa pamoja kwenye kompyuta kwa alama 50.

Sasa hesabu mtoto anadaiwa nini ndani ya sekunde hizo. Asome swali na majibu matatu, yote kwa Kiingereza. Atambue maneno ndani ya sauti inayokimbia. Ayaunganishe yatoe maana. Aishike maana hiyo kichwani mpaka aifikie sehemu inayoulizwa. Achague, kisha aliache swali hilo kabla linalofuata halijampita. Akiteleza hatua yoyote, alama inapotea, na kwenye ripoti inaandikwa neno moja tu: kusikiliza.

Maswali yenyewe hayafanani. Yeyote aliyepitia sekondari China miaka ya karibuni anaukumbuka mfano unaosomwa mwanzoni mwa mtihani: "How much is the shirt?" Majibu ni pauni 19.15, pauni 9.18 na pauni 9.15, na lililo sahihi ni 9.15. Swali hilo linapima sikio kweli, kwa sababu lazima utofautishe "nine" na "nineteen", "fifteen" na "eighteen". Lakini swali la dakika kumi baadaye, linalouliza kwa nini yule mwanamke amempigia simu mwenzake, halimsaidii mwenye sikio kali asiyejua kuunganisha mambo. Kuna na mtego ambao sisi tunaosema Kiswahili tunaweza kuuelewa haraka: Kichina kwa mdomo kina "ta" kwa mwanamume na mwanamke, kama "yeye" yetu. Mtoto anasikia "he" na "she" vizuri kabisa lakini havimshtui, hivyo mwisho wa mazungumzo amesahau nani aliyekataa na nani aliyekubali. Hapo utalilaumu sikio?

Kabla sijamshauri mzazi chochote, nampima mtoto mara tatu. Kwanza anasikiliza na kujibu kama kwenye chumba cha mtihani. Siku nyingine nampa mazungumzo yaleyale yakiwa yameandikwa, bila sauti, ajibu kwa nafasi yake bila kamusi. Mwisho nampa maswali na majibu ya mtihani mwingine peke yake, nashika saa, na kumwomba aniambie kwa Kichina kila swali linauliza nini. Kazi yote hiyo haizidi saa moja na nusu. Sielewi kwa nini watu wako tayari kulipia miezi sita ya masomo ya ziada lakini hawako tayari kutumia saa moja na nusu kujua tatizo liko wapi.

Yule kijana wa Hangzhou alikuwa na alama 18 kati ya 30, maana yake amepata maswali 12. Alipopewa maandishi alipata 19 kati ya 20. Msamiati upo, sarufi ipo. Tulipofika hatua ya tatu ndipo mambo yakaonekana: kila swali lilimchukua zaidi ya sekunde 10 kulielewa. Rekodi ilipoanza yeye bado alikuwa anasoma swali la kwanza, na iliporudiwa alikuwa anasoma la tatu. Mtoto "anayesoma vizuri ila hasikii" alikuwa akipoteza alama za kusikiliza kwa sababu ya kusoma polepole. Anapokuwa na karibu dakika 100 za sehemu nyingine za mtihani, mwendo huo wa polepole haumuumizi. Ndani ya sekunde 5 unamwangusha. Kwa wiki mbili hatukugusa rekodi hata moja. Tulisoma maswali tu: atie mstari chini ya neno linalouliza, atazame majibu matatu yanatofautiana wapi, ageuze ukurasa. Mama hakupenda kuona vipokea sauti vimewekwa kando, lakini hapo ndipo alama zilipoanza kusogea.

Mwingine hushindwa hata akipewa maandishi. Huyo hana tatizo la kusikiliza hata kidogo. Huwezi kulisikia neno usilolijua. Utasikia kelele tu, na ukiirudia kelele mara mia inabaki kelele. Afundishwe maneno na sarufi.

Anabaki yule anayeelewa maandishi mara moja, anayesoma maswali kwa kasi, na bado anakosa. Huyu ndiye mwenye tatizo la sauti, na sababu zake zinaeleweka. Silabi ya Kichina sanifu huishia kwenye irabu au kwenye sauti chache kama "n" na "ng", wala haina konsonanti zilizorundikana kama za mwisho wa "asked" au "helped". Masikio yaliyolelewa hivyo huacha mwisho wa neno udondoke, na pamoja nao wakati wa kitenzi. Halafu Kiingereza humeza maneno madogo. "I should have told her" kwenye karatasi ni maneno matano. Mdomoni ni kama "aishudavtolda". Mtoto anayajua yote matano, ila hajawahi kukutana nayo yakiwa yameshikana hivyo.

Hata huyu simpi saa moja ya vipokea sauti. Nampa imla. Kipande cha sekunde 10, si zaidi. Asikilize, aandike kila neno, arudie hadi mara tano, kisha alinganishe na maandishi na kuzungushia kwa kalamu nyekundu kila alichokosa. Baada ya siku kadhaa zile duara nyekundu zinaanza kujirudia: "have" isiyosikika, "-ed" iliyopotea, "can" na "can't". Hiyo ndiyo orodha yake ya kazi, na hakuna kitabu cha dukani kitakachompa orodha hiyo. Dakika 15 za imla kwa siku nazithamini kuliko saa nzima ya rekodi inayopita sikioni huku mtoto akifikiria hesabu. Na rekodi zinazochezwa mtoto akiwa usingizini, tafadhali, zizimwe alale.

Neno moja kwa walimu wenzangu wa Afrika Mashariki. Kiingereza chetu kimekaa juu ya Kiswahili: kila silabi tunaipa haki yake na irabu zetu zinasikika kamili. Mtoto wa Kichina hutuelewa upesi, na ni jambo zuri darasani. Lakini ukimpima kwa kumsomea mwenyewe, utampa alama ambazo mtihani utamnyang'anya. Kwa kupima, tumia rekodi.

Dhana: Asilimia 60 ya kusikiliza na asilimia 60 ya kusoma ni kiwango kimoja.

Maswali ya kusikiliza yana majibu matatu ya kuchagua, vifungu vya ufahamu vina manne. Anayebahatisha hupata theluthi upande mmoja na robo upande wa pili. Tuseme mtoto amepata 12 kati ya 20 za kusikiliza na 9 kati ya 15 za vifungu, yaani asilimia 60 kote. Ukiondoa bahati kwa hesabu ya kawaida, cha kusikiliza alichokijua kweli ni karibu maswali 8, asilimia 40. Cha kusoma ni maswali 7, karibu asilimia 47. Ni makadirio, maana watoto hawabahatishi kipofu, mara nyingi wanaondoa jibu moja kwanza. Yatosha kuonyesha kwamba namba hizo mbili haziwekwi kwenye mizani moja. Hata Viwango vya Kiingereza vya China vilivyotolewa 2018, vyenye ngazi 9, vinaeleza kusikiliza na kusoma kila kimoja kwa maelezo yake.

Humohumo kuna mzazi anayemnunulia mtoto simu kwa sababu amepanda kutoka 18 hadi 21, na mwingine anayemgombeza kwa kushuka vivyo hivyo. Alama 3 ni maswali mawili. Katika mtihani wa maswali 20, mtoto yuleyule asiyebadilika anaweza kupanda au kushuka maswali mawili kwa bahati tu. Mpime mara nne, tazama mwelekeo.

Dhana: Akishakariri orodha ya maneno 3,000, kusoma kutakuja kwenyewe.

Orodha ni ya lazima, sibishi. Mtaala wa sekondari ya juu unataka kiasi hicho kwa anayeelekea gaokao. Utafiti wa wataalamu wawili, Hu na Nation, wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno ya matini ili aielewe vizuri bila msaada. Katika kifungu cha maneno 300, hayo ni maneno 6 tu yasiyojulikana. Ukishuka hadi asilimia 95 ni maneno 15, na kifungu kinaanza kuwa na matundu.

Ila kukariri kunampa mtoto neno moja na maana moja ya Kichina. Anajua "address" ni anwani, kisha anakutana na "address the problem" na anatafuta nyumba. Na kuna sehemu ya gaokao inayomuumbua mwenye orodha bila usomaji: kifungu chenye nafasi 5 na sentensi 7 za kuchagua. Kila neno analijua, lakini hajui "this" inarejelea nini wala kwa nini "however" isikae pale. Ninaowaona wakifaulu sehemu hiyo ni wale wanaosoma habari nzima, kila siku, iliyo rahisi kidogo kuliko uwezo wao. Wazazi wengi hukataa kitu rahisi. Mimi nakisisitiza.

Dhana: Mtihani mgumu ndio hupima vizuri.

Nimewahi kuona watoto wa sekondari ya chini, ambao mtaala wa 2022 unawataka maneno kama 1,600, wakipewa vifungu vya CET-4, mtihani wa wanafunzi wa chuo kikuu. Darasa zima linaanguka pamoja. Swali ambalo wote wanalikosa halikwambii nani anajua na nani hajui, sawa na lile ambalo wote wanalipata.

Dhana: Majibu matatu ni uzembe, yangekuwa manne.

Uchambuzi wa Rodriguez wa 2005, uliokusanya tafiti za miaka 80, ulionyesha kuwa majibu matatu yanatosha. La nne mara nyingi ni la kujaza nafasi. Kwa kusikiliza hasa, la nne lingeongeza kusoma ndani ya sekunde zilezile, na tumeshaona hilo linafanya nini.

Dhana: Kuna mbinu ya urefu wa majibu.

Wanafunzi wana kauli yao: matatu marefu na moja fupi, chagua fupi, matatu mafupi na moja refu, chagua refu. Watunzi wa mtihani wanaisikia pia. Ikitokea mbinu hiyo imefanya kazi kwenye mtihani wako wa darasani, kosa ni la mtihani wako: umeandika jibu sahihi kwa uangalifu na yale mengine kwa haraka. Jaribu hivi kabla ya kuutumia: mpe mwalimu mwenzako maswali bila kifungu. Akipata mengi zaidi ya robo, rudi mezani uandike upya.

Dhana: Kurudia rekodi mara mbili ni kudekeza.

IELTS hupiga mara moja, B2 First ya Cambridge hupiga mara mbili, na yote ni mitihani ya Kiingereza inayoheshimika. Kinachokosewa ni mazoezi. Mtoto ambaye sehemu ya kwanza itasikika mara moja asizoeshwe nyumbani kurudishiwa mara sita ndani ya jaribio lenyewe. Marudio ni ya imla. Siku ya jaribio rekodi iachwe iende mpaka mwisho, na mama asiisimamishe hata mtoto akimtazama.